Maisha ya Mjini na ya Viungani: Sisi wa Ewuaso Tuko Wapi?

Muhula uliopita chama chetu cha Kiswahili kiliandaa mjadala, na mada ilikuwa hii: "Maisha ya viungani ni bora kuliko maisha ya mjini." Waliounga mkono walitaja hewa safi, kodi nafuu na uwanja wa watoto kuchezea. Waliopinga wakataja stima, hospitali, shule na kazi. Makofi yakapigwa, mikono ikahesabiwa, kengele ya saa kumi ikalia, basi kila mtu akashika njia ya kwao. Mimi nina safari ya kilomita saba hadi nyumbani, kwa hivyo nilikuwa na muda wa kutosha wa kuwaza. Nikaona kwamba pande zote mbili zilisahau jambo moja. Kiunga hakianzi siku mtu anapohamia. Kinaanza siku mwenye shamba anapokubali kuuza. Anayehama huja kuchagua baadaye, tena huchagua kati ya vitu ambavyo mtu mwingine amekwisha kumchagulia.

Nitaanza na maneno yenyewe maadamu hiki ni chama cha Kiswahili, kisha tutembee hadi Karen na Kitengela, halafu turudi hapa kwetu Ewuaso Kedong.

Neno kiunga ni la kale. Ukifungua kamusi utakuta maana mbili: kwanza ni shamba la miti ya matunda, na pili ni ukingo wa mji. Wengi wetu tunaijua hii ya pili tu. Lakini maana hizi mbili ni ndugu. Katika miji ya zamani ya pwani watu waliishi kwenye nyumba za mawe zilizobanana, na nje kidogo kulikuwa na minazi, miembe na mindimu. Mtu alitoka mjini akaenda kiungani kuchuma. Miji ilipopanuka, nyumba zikaifuata miembe hukohuko. Miti ikakatwa, jina likabaki. Kwa hivyo Kiswahili kilikuwa na neno hili zamani, Nairobi haijazaliwa, na ndani ya neno lenyewe mna habari ya shamba lililoliwa na mji.

Kuna neno jingine, kitongoji. Tanzania kitongoji ni sehemu ya kijiji, na kina mwenyekiti wake anayechaguliwa na wananchi. Hapa Kenya mtangazaji wa redio akisema "vitongoji duni" anakusudia Kibera au Mathare, yaani mabanda yaliyo katikati ya jiji. Neno ni moja, lakini mmoja analiona boma la mkulima na mwingine anaiona bati iliyoshika kutu. Tena Unguja kuna Ng'ambo. Hapo zamani mkono wa bahari ulitenganisha Mji Mkongwe na upande wa pili walikokaa watu wa kawaida, nao upande huo ukaitwa Ng'ambo. Maji yale yalijazwa udongo zamani, mtu huvuka barabara tu, na watu wa huko ni wengi kuliko wa Mji Mkongwe. Lakini bado wao ndio wa ng'ambo! Lugha nayo ina ubaguzi wake, si unaona.

Haya, tuingie katika historia. Nairobi ilianza kama kambi ya reli mwaka wa 1899. Jina lenyewe ni la Kimaasai, Enkare Nairobi, maana yake maji baridi, kwa sababu mifugo ilinyweshwa hapo. Mikataba ya mwaka wa 1904 na 1911 ikawahamisha Wamaasai kutoka malisho yao mengi ili walowezi wapewe. Sisemi haya ili kuchimbua kaburi. Nasema kwa sababu mtu akiuliza "mjini au viungani?" kana kwamba ni mambo mawili tofauti, ajue kwamba katika nchi hii vyote viwili vimekaa juu ya nyasi zilezile.

Kiunga cha kwanza ninachotaka tukitazame kiko upande wa pili wa Vilima vya Ngong, hata si mbali. Ni Karen. Pale palikuwa na shamba la kahawa la kampuni iliyoitwa Karen Coffee Company, lililosimamiwa na mwandishi Karen Blixen kutoka Denmark. Shamba lilikuwa juu sana na baridi kwa kahawa, likapata hasara mwaka baada ya mwaka, na mwaka wa 1931 likauzwa. Mnunuzi hakutaka kahawa. Alilikata vipande vya ekari ishirini kila kimoja akawauzia watu waliotaka kukaa mashambani huku wakifanya kazi mjini. Hicho ndicho kiunga cha matajiri. Wakati huohuo Waafrika waliofanya kazi Nairobi walitakiwa kukaa mahali kama Pumwani, wamebanana chumba kwa chumba. Kwa hivyo uwanja na hewa safi vilikuwapo, lakini si kwa kila mtu. Marekani nako hali ilifanana na hii: mwaka wa 1947 walianza kujenga Levittown nje ya New York, maelfu ya nyumba zinazofanana kama mapacha, na watu weusi wakakatazwa kununua. Mtu akikwambia kwamba watu huishi wanakopenda, mwambie asome tena.

Sasa tufanye hesabu ndogo, msichoke. Ekari moja ni futi mraba 43,560. Ploti ya kawaida ya siku hizi ni futi 50 kwa 100, yaani futi mraba 5,000. Ukitoa nafasi ya barabara, ekari moja hutoa ploti nane, ndiyo maana watu husema "moja kwa nane". Basi kipande kimoja cha Karen cha mwaka wa 1931, chenye ekari ishirini, kingetoa ploti 160. Mahali alipokaa tajiri mmoja na farasi wake, leo tunaweka familia 160, na wakijenga gorofa ndio sina hesabu tena. Vyote viwili vinaitwa kiunga.

Hapo ndipo Kitengela inapoingia. Mji huu uko kama kilomita thelathini kusini mwa Nairobi kwenye barabara ya Namanga, na wazee wengine wangali wanauita Noonkopir. Mwaka wa 1968 ilipitishwa sheria ya ranchi za vikundi. Wamaasai wa eneo moja waliandikishwa kama wanachama, wakapata hati moja ya pamoja, na mifugo ikaendelea kutembea. Lakini watu waliogopa. Waliogopa kwamba viongozi wa kikundi wangejigawia, waliogopa madeni ya kikundi, na vijana waliona hawana sauti. Mwaka wa 1988 ranchi ya Kitengela ikagawanywa, kila mwanachama akapata kipande chake na hati yake. Wakati huo yaelekea lilikuwa jambo la haki, na mimi siwalaumu. Ila hati ya mtu mmoja ina sifa moja ambayo hati ya watu mia mbili haina: inaweza kuuzwa kabla ya chakula cha mchana.

Kisha sheria ya viwanda vya EPZ ikapita mwaka wa 1990 na viwanda vikajengwa Athi River. Wafanyakazi walitaka vyumba vya bei nafuu. Mahali pa karibu ni wapi? Kitengela. Wakaja wenye nyumba za kukodisha, wakaja wenye maduka, wakaja watu wa Nairobi waliochoka na kodi za jijini. Sensa ya mwaka wa 2009 ilipata watu 687,312 katika Kajiado nzima. Sensa ya mwaka wa 2019 ilipata 1,117,840, na zaidi ya 150,000 kati yao walikuwa Kitengela peke yake. Hawa hawakuzaliwa wote hapa. Walihama.

Je, wamepata walichokifuata? Nina ami yangu anayekaa Kitengela, mdogo wake baba, naye ndiye shahidi wangu. Ana nyumba yake mwenyewe, ya mawe, yenye vyumba vitatu. Halipi kodi kwa mtu. Watoto wake wana shule karibu hata kiatu hakichakai, na usiku wanasoma kwa taa ya stima. Nikienda kwake likizoni mimi husoma mpaka saa tano usiku, jambo ambalo huku nyumbani taa yetu ya sola hainiruhusu. Sitadanganya kwamba hayo ni madogo. Binamu yangu wa kidato cha pili amenizidi Hesabu, na si kwa akili.

Lakini ami hufanya kazi katika eneo la viwanda Nairobi. Huamka saa kumi usiku, saa kumi na moja yuko stejini, na msongamano wa Mombasa Road ukiwa mbaya hutumia saa mbili kwenda na saa mbili kurudi. Ile barabara ya juu iliyofunguliwa mwaka wa 2022 ni ya kulipia, tena mwisho wake ni Mlolongo, hata hujafika Athi River. Tuhesabu tena: saa nne kwa siku, siku tano kwa juma, ni saa 20. Kwa majuma 48 ni saa 960. Ukigawa kwa 24 unapata siku 40 kamili, usiku na mchana, ameketi ndani ya matatu akisikiliza nyimbo ambazo hakuzichagua. Kila mwaka! Mtoto wake wa mwisho humwona baba yake Jumapili kama mgeni. Kodi aliyoiepuka Nairobi anailipa kwa siku zake.

Na maji je? Mjini mtu hufungua mfereji (ukiwa na bahati). Kitengela maji mengi hutoka kwenye visima vilivyochimbwa kwa mashine, mengine yana chumvi, na jirani anayepungukiwa humngoja mwenye mkokoteni wa jerikeni za lita ishirini. Visima ni vingi, lakini chini ya ardhi maji ni yaleyale. Mjini serikali ilitangulia na mabomba, watu wakafuata, angalau katika mitaa iliyopangwa. Viungani watu hutangulia, kisha hungoja bomba, mfereji wa taka, barabara na kituo cha afya, na wakati mwingine mtoto hukua mpaka akaoa bomba halijafika.

Kuna wakazi wengine wa Kitengela ambao mjadala wetu haukuwataja hata kidogo, nao ni wanyama. Hifadhi ya Nairobi ilitengwa mwaka wa 1946. Ina ua pande zote isipokuwa kusini, kwa sababu mvua ikinyesha nyumbu na punda milia huvuka mto kwenda kula tambarare za Kitengela na Kaputiei. Ploti zilipowekewa ua, njia zikafungwa. Mwaka wa 2000 ulianzishwa mpango wa kuwalipa wenye ardhi kiasi cha dola 4 kwa ekari kwa mwaka ili wasizungushe ua wala kuuza. Linganisha fedha hizo na za dalali mwenye gari jeupe, uone ni nani atakayesikilizwa. Mwezi wa Juni mwaka wa 2012 simba sita waliuawa na wananchi huko Kitengela baada ya kuingia bomani na kula mbuzi. Magazeti yalilia simba, na mimi pia niliposoma nilisikitika. Lakini mwenye mbuzi alikuwa amebanwa pande mbili, ploti huku na simba kule, naye hakuwa amehamia mahali popote. Yeye alikuwa hapo tangu mwanzo. Kiunga kilimkuta nyumbani.

Sasa turudi kwetu. Mgeni asiyejua Ewuaso Kedong aelezwe kwamba tuko nyuma ya Vilima vya Ngong, chini katika Bonde la Ufa, kwenye barabara itokayo Ngong kwenda Suswa. Hatuko mjini wala hatuko viungani. Tuna soko, steji, shule, na punda wengi kuliko magari. Lakini msifikiri vilima vitatukinga. Oktoba mwaka wa 2019 reli mpya ya kutoka Nairobi ilifunguliwa hadi Suswa, na imetoboa handaki chini ya vilima hivyohivyo. Kiserian na Ngong zimekwisha kuwa viunga. Ukipanda matatu kutoka Ngong na kuanza kuteremka, hesabu mabango ya "ploti zinauzwa". Mimi nilihesabu hadi kumi na saba nikaacha kwa kuwa kondakta alitaka nauli.

Na hapa jambo linanihusu. Ukame wa mwaka wa 2022 ulituachia ng'ombe wanne kati ya ishirini na sita. Karo yangu na ya ndugu zangu wawili ilitoka wapi baada ya hapo, baba ndiye ajuaye. Desemba iliyopita ami alikuja kutoka Kitengela akakaa na baba chini ya mgunga, akamwambia: "Kaka, uza ekari kumi za hapo barabarani. Nunua ploti mbili kwangu, jenga vyumba vya kukodisha, watoto wasome. Ng'ombe ni mambo ya zamani." Ami hana nia mbaya, anampenda kaka yake. Baba akanyamaza kwa muda mrefu. Mama alikuwa akimimina chai. Akasema, "Shemeji, hebu niambie, mvua ikikataa tena, ng'ombe wetu watapitia wapi kwenda Suswa?" Ami akajibu kwamba watapitia barabarani. Mama akauliza, "Na jirani naye akiuza?"

Nililifikiria swali hilo kwa siku nyingi, na ndilo lililonifanya niandike makala haya. Mtu akikaa mjini, jirani akiuza ploti yake wewe huathiriki sana, labda upate kelele mpya. Kwa mfugaji ni kinyume kabisa. Ekari arobaini zenye ua pande zote si malisho, ni zizi kubwa. Mvua hunyesha huku leo, kule mwezi ujao, na ng'ombe huifuata. Kwa hivyo anapouza mmoja, wote wamepungukiwa, hata yule ambaye hakupokea senti. Haya hayawezi kuonekana kwenye hati.

Upande wa sheria ni mfupi lakini kila mwanachama aujue. Tangu sheria ya mwaka wa 1967, mauzo ya ardhi ya kilimo yanahitaji idhini ya Bodi ya Ardhi, na bila idhini hiyo ni batili. Na Sheria ya Mali ya Ndoa ya mwaka wa 2013 inasema mali ya ndoa haiuzwi bila kibali cha mume na mke. Nilimsomea mama kifungu hicho kwa Kimaasai kadiri nilivyoweza. Akaniambia nirudie. Kwa ranchi ambazo hazijagawanywa, Sheria ya Ardhi ya Jamii ya mwaka wa 2016 imechukua nafasi ya ile ya 1968, na huko uamuzi mkubwa juu ya ardhi huhitaji thuluthi mbili ya wanajamii katika mkutano.

Msomaji ataniuliza, sasa wewe unachagua nini? Nikipewa nafasi ya chuo kikuu nitakaa Nairobi mjini kabisa, karibu na masomo, hata kama ni chumba kimoja. Siku arobaini za matatu sizitaki. Kuhusu viunga, naona vinamfaa mtu ambaye kazi yake iko hukohuko, kama mwalimu wa Kitengela au fundi wa Kiserian. Anayefanya kazi Nairobi na kulala Kitengela ana nyumba nzuri anayoiona gizani. Na kuhusu zile ekari kumi, mimi ningependa zikodishwe kwa miaka michache kuliko kuuzwa, kwa kuwa mkodishaji hupewa muda na mnunuzi hapewi. Nimemwambia baba hivyo. Hakunikemea, alisema tu kwamba karo ya muhula wa pili haingoji maoni. Bodi hukutana kila mwezi, na bado hajapeleka fomu.

KAZI YA KUFANYA. Kabla ya mkutano wetu ujao kila mwanachama atembee kutoka shuleni hadi kwao akihesabu ua mpya na mawe ya mpima ardhi yaliyowekwa tangu mwaka jana. Amuulize mzee mmoja ng'ombe walipitia njia gani katika ukame wa mwaka wa 1984, kisha ajaribu kuifuata njia hiyo kwa miguu na aandike ni wapi alipozuiwa. Walio kidato cha kwanza watafute maana ya maneno haya: ukingo, pembezoni, kiambo, mahame. Hilo la mwisho msilikimbie. Mahame ni mahali palipohamwa.